Pagale la Miaka Kumi

Ukishavuka Igoma kuelekea Kisesa, jaribu kuhesabu mapagale. Mimi huwa nafika thelathini halafu nachoka. Mengine yamefika lenta, mengine ni msingi tu uliofunikwa na majani, na lipo moja karibu na barabara ambalo mpapai umeota katikati ya kile kilichokusudiwa kuwa sebule, umezaa, umezeeka. Kila moja ni jasho la mtu. Hili ni kiinua mgongo cha mwalimu, lile ni faida ya dagaa ya misimu minne, na lile pale ni mkopo uliokwisha kulipwa wote pamoja na riba yake wakati nyumba haijaezekwa.

Wenye mapagale hayo nawaheshimu. Wengi wao wana nidhamu ya fedha kutuzidi, kwa maana walijinyima wakati sisi tunakula. Walifuata ushauri ambao kila mtu hapa Mwanza ameupata kwa mjomba wake: nunua kiwanja, anza mdogo mdogo, ukipata tofali mia weka tofali mia. Ushauri huo ndio ninaoupinga leo. Kwa mtu anayejenga nyumba ya kuishi sina neno, kila mtu na subira yake. Lakini kwa anayejenga ili apangishe, apate kipato, kujenga peke yake kwa miaka kumi ni njia ya kupoteza fedha taratibu huku akijiona anazihifadhi.

Watu wakizungumzia kuchanga fedha ili kununua au kujenga nyumba, husifia ukubwa: tukiungana tutaweza ghorofa. Sawa. Ila faida iliyo kubwa zaidi, na ambayo sisikii ikisemwa, ni muda. Kuchanga kunafupisha safari kati ya shilingi ya kwanza unayoitoa na kodi ya kwanza unayoipokea kwa mpangaji.

Tuchukue mfano, namba ni za kufanyia hesabu tu. Watu kumi, kila mmoja ana uwezo wa kuweka shilingi 500,000 kwa mwezi. Wanataka nyumba ya vyumba vinane vya masta, na tuseme kiwanja na ujenzi kwa pamoja ni milioni 80. Kila chumba kinapangishwa 100,000, yaani nyumba nzima inaingiza 800,000 kwa mwezi. Kila mmoja akijenga kivyake atahitaji miezi 160, ambayo ni miaka 13 na miezi minne. Mwisho wa muda huo watu kumi wana nyumba kumi, na hakuna aliyewahi kupokea hata shilingi ya mpangaji.

Sasa wachange. Kwa mwezi wanapata milioni 5. Nyumba ya kwanza inakamilika mwezi wa 16, ya pili mwezi wa 32, na kuendelea hivyo hadi ya kumi, inayokamilika mwezi uleule wa 160. Fedha iliyotoka mfukoni ni ileile, nyumba ni zilezile kumi, fungu la kila mtu ni sawa na nyumba moja. Lakini kufikia siku hiyo nyumba ya kwanza imeshapangishwa miezi 144, ya pili miezi 128, ya tatu 112, mpaka ya tisa yenye miezi 16. Jumlisha zote unapata miezi 720 ya kodi, ambayo ni shilingi milioni 576. Kila mmoja wa wale kumi ana milioni 57 na laki sita ambazo yule aliyejenga peke yake hatakaa azione.

Najua utasema vyumba havijai mwaka mzima, bomba linapasuka, dalali anataka chake, TRA ina asilimia 10 yake kwenye pango na kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Toa theluthi nzima kwa ajili ya hayo yote. Bado kila mmoja anabaki na zaidi ya milioni 38. Hapo sijaweka hesabu ya kodi za wapangaji kurudishwa kwenye ujenzi ili nyumba ya tano ije mapema zaidi. Fanya mwenyewe na kalamu, utaona miaka inavyopungua.

Wakati huohuo pagale halikai bure likisubiri. Mvua za Mwanza zinalamba tofali za udongo, nondo zilizochomoza juu ya nguzo zinakatwa usiku, na jirani anaanza kusogeza mpaka. Kama kiwanja kimepimwa na kumilikishwa, kwa kawaida masharti yake yanakutaka ukiendeleze ndani ya miezi 36. Wangapi kati yetu tumewahi kusoma masharti hayo mpaka mwisho?

Kuna na suala la mahali. Mwenye milioni 6 peke yake hanunui kiwanja anachokitaka, ananunua kinachomtosha, na kinachomtosha huwa juu ya mlima ambako gharama ya kupasua mawe na kupandisha maji itakula akiba yake kabla hajaweka msingi. Jiji letu limekaa juu ya miamba, sote tunajua. Watu wanane wenye milioni 6 kila mmoja wanaweza kuzungumza na mwenye eneo la Malimbe, karibu na chuo kikuu cha SAUT, ambako kila Oktoba wanafunzi wanahangaika kutafuta vyumba, au wakatafuta sehemu ya kujenga fremu za maduka karibu na stendi ya Nyegezi. Mpangaji halipii tofali, analipia umbali wake na anakokwenda kila asubuhi. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, madalali wa Usagara wanataja daraja kabla hata ya kukutajia ukubwa wa kiwanja. Mimi ningeenda taratibu huko, lakini hoja inabaki: sehemu nzuri haimsubiri anayejikusanya laki mbili mbili.

Hata wakubwa wanalijua hilo. Rock City Mall pale Ilemela ilisimama kwa sababu halmashauri zilikuwa na ardhi na mfuko wa pensheni wa LAPF, ambao sasa umo ndani ya PSSSF, ulikuwa na fedha. Kila upande ungebaki kivyake, mmoja angekuwa na uwanja mtupu na mwingine fedha benki.

Niseme kuhusu kikundi chetu, kwa sababu siandiki haya kutoka kwenye vitabu. Tulianza 2018 tukiwa wanane: watumishi wanne, fundi umeme, mwenye duka la vipuri, mimi, na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba ambaye kwa umri angeweza kutuzaa sote. Mwaka uliofuata tulipata eneo ufukweni, upande wa Igombe. Lilikuwa zuri mno. Mwenyekiti wetu alikuwa ameshachora nyumba za wageni kichwani, na bei ilikuwa ya chini kiasi cha kutufanya tuharakishe. Tulikwenda kulitazama Jumamosi asubuhi. Mama akasimama, akatazama ziwa, akatazama mwembe uliokuwa nyuma yetu.

"Wanangu, nilipokuwa binti mdogo maji yalifika kwenye ule mwembe."

"Mama, mwenye eneo ana barua ya serikali ya mtaa," mwenyekiti akamjibu kwa upole.

"Sawa baba. Maji hayasomi barua."

Tulibishana wiki mbili. Mmoja wetu akaenda kuuliza ofisi ya ardhi, akarudi na jambo ambalo kila mnunuzi wa kando ya ziwa angepaswa kulijua: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Zaidi ya nusu ya eneo lile ilikuwa ndani ya mita hizo. Tukaacha. Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na nilipopita tena pale, uzio wa aliyenunua baada yetu ulikuwa ndani ya maji. Ningekuwa peke yangu ningenunua. Nilikuwa na fedha ya kuanzia na nilikuwa nimeshalipenda lile eneo. Watu wanane walioweka fedha yao hawapendi wote kitu kimoja kwa siku moja, na hapo ndipo anapopatikana wa kuuliza. Kinga ya namna hiyo hainunuliwi kwa wakili.

Tukanunua Malimbe, tukajenga hosteli ya vyumba kumi na viwili. Mwanafunzi wa kwanza aliingia mwishoni mwa 2021. Si kila kitu kilikwenda vizuri: vyumba vinabaki wazi Julai mpaka Septemba, na tulichelewa mwaka mzima kujua kwamba kodi ya muhula ni rahisi kuikusanya kuliko ya mwezi.

Ukanda huu una historia ndefu ya kuchanga, na inaumiza kuikumbuka. Wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaanza kuungana. Mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, makao yake yakiwa hapahapa Mwanza. Katika miaka michache lilikuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa wa Waafrika barani. Lilinunua na kujenga vinu vya kuchambua pamba, maghala, majengo ya mjini. Yote yalitoka kwenye senti zilizokatwa kwenye kilo za pamba za watu ambao hakuna hata mmoja wao angeweza kununua mlango wa kinu. Baadaye likaja kuwa chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, ikavirudisha kwa sheria ya 1982, na katika miaka iliyofuata mali zile zikazama kwenye madeni, nyingine zikauzwa katika mazingira ambayo serikali yenyewe ilikuja kuyahoji.

Wazee wanaosimulia habari hizo humalizia kwa kusema ushirika ni wizi. Sikubaliani nao. Kilichofanyika kati ya 1955 na kufutwa kwake ni ushahidi kwamba watu wa kawaida wa kanda hii wanaweza kumiliki mali kubwa. Kilichokuja kuvunjika ni uzi kati ya mkulima na kinu. Mkulima wa Magu hakuwa na karatasi inayosema sehemu yake ni ngapi, hakuweza kuiuza, hakuweza kumrithisha mtoto wake, na kwa hiyo siku jengo linauzwa hakuwa na pa kusimama akasema hapana. Mali ya wote iligeuka kuwa mali isiyo na mwenyewe.

Wapo pia wanaokumbuka DECI ya 2009, ule upatu uliowaliza wengi, na hofu yao ina haki yake. Ila tofauti ni rahisi kuiona. Kule fedha ya aliyeingia leo ndiyo iliyomlipa aliyeingia jana, hakukuwa na kitu kingine katikati. Kwenye nyumba anayekulipa ni mpangaji, mtu wa nje aliyepata chumba kwa fedha yake. Ukialikwa kwenye kikundi cha uwekezaji, uliza swali moja tu: mpangaji yuko wapi? Ukijibiwa habari za kuleta wanachama wapya, simama uondoke.

Sasa karatasi. Hapa ndipo vikundi vyetu vinapokufa, na nitakaa hapa kidogo. Kwa kawaida watu wanachanga kama kikoba, wananunua kiwanja, halafu mkataba wa mauziano unaandikwa jina la mwenyekiti kwa sababu siku ile ndiye aliyekuwepo na kitambulisho. Wanasema tutabadilisha baadaye. Mwenyekiti anafariki. Mkewe, ambaye hakuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja, anakuta hati kabatini yenye jina la mumewe. Kwa mujibu wa karatasi ile mama huyo hajakosea lolote. Waliokosea ni wanachama, na wanakwenda mahakamani na daftari la michango lililolowa chai.

Njia zipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inawaruhusu watu zaidi ya mmoja kumiliki ardhi kwa mafungu, kila mmoja fungu lake likitajwa, na akifa fungu hilo linakwenda kwa warithi wake badala ya kumezwa na waliobaki. Kwa watu watatu au wanne wanaojuana, hiyo inatosha. Wakizidi hapo mimi napendelea kampuni binafsi iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara: kampuni ndiyo inamiliki kiwanja, watu wanamiliki hisa, na mtu akitaka kutoka anauza hisa bila kugusa hati. Gharama za kuiendesha zipo, mahesabu ya kila mwaka yapo, na wengi wanazikimbia kwa sababu hiyo. Ukilinganisha na kesi ya ardhi ya miaka saba, ni kidogo. Kama lengo ni jengo moja ambalo kila mtu atachukua sehemu yake mwishoni, ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, inayokuwezesha kupata hati ya ghorofa yako au fremu yako ndani ya jengo la wengi. Ajabu ni kwamba mafundi na madalali wetu bado hawaitaji.

VICOBA ni shule nzuri ya kuchanga na nawasifu akina mama walioijenga. Lakini kikoba kimeumbwa kwa fedha inayozunguka: mkopo wa miezi mitatu, riba, mgawo wa mwisho wa mwaka. Nyumba haigawanyiki Desemba. Kikundi kinachojaribu kutumia katiba ya kikoba kuendesha hosteli kitafika mwisho wa mwaka, nusu ya watu wanataka chao cha sikukuu na nusu wanataka kupaua. Tofautisheni mifuko hiyo miwili tangu siku ya kwanza.

Jambo ambalo ningeliandika kabla hata ya jina la kampuni ni namna ya kutoka. Kwetu imeandikwa hivi: nyumba inathaminiwa kila Januari na mthamini aliyesajiliwa, anayetaka kutoka anawauzia wenzake kwanza kwa bei hiyo, nao wana miezi sita ya kumlipa. Wakishindwa, anaruhusiwa kumleta mtu wa nje, ila lazima wengi wamkubali. Kila mwanachama aliyeoa au kuolewa alikuja na mwenzi wake siku ya kusaini, na mwenzi akasaini pia. Bwana mmoja alikataa kumleta mkewe, akisema mambo ya fedha ni yake. Hakuwa mbaya, lakini tulimwacha, na naamini tulifanya sawa.

Kwa asiye na watu wa kuwaamini, au mwenye elfu hamsini na si laki tano, kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT, taasisi ya serikali ya mifuko hiyo, ilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, na Watumishi Housing, taasisi ya umma ya nyumba, wana mfuko wa majengo ulio chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Faida yake ni kwamba unaingia na kidogo na huna kikao cha Jumapili. Ila asikudanganye mtu kwamba majengo yakiwa ndani ya mfuko hayashuki. Wenzetu wa Kenya walinunua vipande vya mfuko wa majengo wa Fahari kwa shilingi 20 za kwao mwaka 2015. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walitolewa kwa shilingi 11. Majengo yalikuwepo muda wote, yamesimama, yana wapangaji. Mwenye kipande alikuwa mbali na maamuzi, na soko likaweka bei yake.

Ndiyo maana, kwa mwenye uwezo wa kuchagua, ningependa kikundi kidogo cha watu wa mji mmoja, watano mpaka kumi na wawili, wanaoweza kwenda kuitazama nyumba yao kwa miguu.

Mama yetu wa Mwaloni alifariki Machi 2023. Tulimzika kwao, upande wa Ukerewe. Miezi mitano baadaye mwanaye mkubwa alikuja kwenye kikao na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, na wasiwasi usoni, kwa sababu jamaa zake walikuwa wamemwambia hatapata kitu kwa watu wasio ndugu. Katibu alifungua daftari la hisa, akamwonyesha jina la mama yake na idadi ya hisa zake, akamhesabia kodi ya mihula miwili iliyokuwa imewekwa pembeni tangu msiba. Alizihesabu mara mbili. Kisha akauliza kikao kijacho ni lini, akasaini kwenye mstari wa mama yake.